Uzi wa kuwasindikiza ndege wahamiaji: Ziwa Manyara, Machi mpaka Mei

Mpiga_Kambi (mwanzisha uzi), Machi 28

Wakuu, habari za masika.

Kila mwaka ikifika Oktoba nyuzi za "ndege wa Ulaya wamefika" zinafunguliwa kila kona. Picha zinamiminika, watu wanabishana majina, halafu ikifika Januari kimya. Wanapoondoka hakuna anayewasindikiza. Mimi nasema kuondoka kwao ni kuzuri kuliko kuja. Wakija wamechakaa, wa kijivu wote, huyu na yule huwatofautishi. Wakiondoka wamevaa.

Leo nilikuwa Hifadhi ya Ziwa Manyara. Mvua ilikatika alfajiri, langoni tulikuwa magari mawili tu. Nilichangia gari na wageni wawili, na dereva wetu shida yake ilikuwa simba wanaopanda miti. Nikimwambia "simama bosi, kuna ndege", anasimama, anahesabu tano, anauliza "tayari?" Simba wenyewe hatukuwaona. Namshukuru kwa kitu kimoja: kwenye bwawa la viboko panaruhusiwa kushuka, akaenda kupiga stori na madereva wenzake, nikapata saa nzima na darubini yangu.

Nilichokiona:

Korongo weupe kama 60 hivi, saa nne kasoro, wakipanda kwa kuzunguka juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hawapigi bawa. Wanazunguka kwenye hewa ya moto mpaka wanakuwa nukta, kisha wanateleza wote kuelekea kaskazini. Nimesimama kichwa juu mpaka shingo ikauma.

Mbayuwayu siwezi kuhesabu. Wanapita chini chini juu ya majani, wote upande mmoja, kama watu wanaowahi basi.

Wale wembamba wa njano wanaotikisa mkia (Motacilla flava) walikuwa miguuni mwa nyati. Mwezi Januari walikuwa wamefifia. Leo madume wanawaka, tena vichwa havifanani: mmoja kichwa cha kijivu cha bluu, mwingine cheusi tii, mwingine njano mpaka utosini. Nilidhani ni aina tatu.

Sasa ninachoombea msaada. Kwenye tope, kati ya vile vidogo vya kijivu vinavyodonoa muda wote, kuna kama 20 wakubwa kidogo, miguu myeusi, mdomo mweusi mrefu uliopinda kuelekea chini. Kifuani wana mabaka mekundu ya kutu, kama mtu aliyelalia udongo wa Karatu. Mmoja amekuwa mwekundu mzima kuanzia uso mpaka tumboni. Nimepekua kitabu, sikumpata ukurasa ule wa ndege wa kijivu. Ni nani huyu?

---

Fundi_Darubini

Mkuu, kabla sijataja jina: walipopaa uliona nini juu ya mkia?

---

Mpiga_Kambi

Peupe. Kiboko mmoja alipiga chafya wakaruka wote, nikaona weupe kiunoni na mstari mweupe kwenye bawa.

---

Fundi_Darubini

Basi huyo ni Calidris ferruginea. Hilo neno la pili ni la Kilatini, maana yake mwenye rangi ya kutu, na aliyempa jina bila shaka alimwona kama ulivyomwona wewe leo. Sisi huku miezi mingi tunamwona kijivu, ndiyo maana watu wengi hawamjui akiwa na vazi lake lenyewe. Una hakika hukumpiga picha Januari ukamwita jina lingine?

Mabaka uliyoyaona ni manyoya mapya yanayoota moja moja. Anapukutisha ya kijivu ya mwilini na kuota mekundu, kuanzia kama Februari mpaka anapoondoka. Kwa hiyo Machi unakutana nao wakiwa nusunusu, kila mmoja na hatua yake. Yule mwekundu mzima ametangulia tu.

Anakwenda kutagia Siberia, kaskazini kabisa, kwenye nyika zisizo na miti ufukweni mwa Bahari ya Aktiki.

Na vile vidogo vilivyomzunguka ni Calidris minuta. Mmoja ana gramu ishirini na kitu. Pima sukari vijiko vitano vya chai uweke kiganjani, ndiyo huyo. Naye anakwenda hukohuko.

Wale wa njano hukukosea sana. Ni aina moja, lakini kila kichwa kina nchi yake ya kuzalia. Huku wanachanganyika kwenye kundi moja kama abiria stendi, kule kila mmoja anashika njia yake.

---

Mpiga_Kambi

Aisee, nimefungua folda ya Januari. Wapo. Niliwaandika "kitwitwi sijui gani".

---

Kijana_wa_Dodoma

Swali la msingi: wanalika?

---

Fundi_Darubini

Gramu 25 na manyoya juu yake. Utatumia mkaa mwingi kuliko nyama, kaka.

---

Mzee_Majaruba

Vijana, mimi nalima mpunga Mto wa Mbu tangu sijaota mvi, na ndege hao ninyi mnawalipia kiingilio, mimi wananikuta jarubani asubuhi na chai yangu mkononi.

Zamani tulikuwa tunawafukuza wote. Ndege ni ndege, mradi yuko kwenye mpunga. Baadaye nikawa nakaa na kutazama. Kweleakwelea ndiye mwizi, huyo anakuja kama moshi na anakula shamba huku unaliona. Lakini hawa wa miguu mirefu wanatembea katikati ya mashina wanachokoa tope. Nilichinja mmoja aliyevunjika bawa, nikafungua tumbo lake. Vijidudu vya majini na konokono wadogo. Punje hakuna. Tangu siku hiyo nikawaacha.

Na korongo weupe msisahau kazi yao. Mwaka wa viwavijeshi wanashuka mamia, wanatembea kwa mstari kama askari wanaokagua shamba.

---

Mpiga_Kambi

Shikamoo mzee. Ongeza nyama tafadhali, mwezi huu jarubani kuna nini?

---

Mzee_Majaruba

Marahaba mwanangu. Wa njano wapo wengi, wanafuata trekta. Yule wa madoadoa mgongoni anayepiga mluzi akiruka naye yupo. Wakubwa wa shingo ndefu, wale majike na madume hawalingani kimo, wamepungua sana wiki hii.

---

Fundi_Darubini

Mzee, hao wasiolingana ni Calidris pugnax. Dume ni mkubwa kuliko jike kiasi cha mtu kudhani ni ndege wawili tofauti. Kule kaskazini dume anaota kola ya manyoya shingoni, kubwa kama mwamvuli, anapigana na wenzake uwanjani huku majike wakitazama. Pugnax ndiyo mgomvi. Hapa kwetu anaishi kwa adabu zake zote, ugomvi anauacha kwao.

---

Msema_Kweli_77

Samahani wakuu, sipendi kuwakatisha, ila hii habari ya "kwao" inanikera. Huku wanakula, wananona, kisha wanakwenda kwao. Sisi ni hoteli? Halafu watu wa kule wanakuja na kamera kubwa kututangazia kwamba ndege "wao" wako hatarini Afrika.

---

Fundi_Darubini

Mkuu, umegusa penyewe, ila hebu tuhesabu pamoja. Huyo mwekundu wa Siberia, wa kwanza wanaanza kuonekana tena Afrika Mashariki mwezi wa nane. Wanaondoka wa nne, wachache wa tano mwanzoni. Toa siku za safari. Kule anakaa wiki chache: anapata mwenza, wanataga, na dume anaondoka hata mayai hayajaanguliwa. Mtu anayekaa mahali miezi minane na kwingine mwezi na nusu, utasema kwao ni wapi?

Mimi huwa nasema ni ndege wa Manyara anayekwenda kujifungulia ugenini. Na kumwita "wa Ulaya" ni kosa mara mbili, maana Siberia ile iko Asia.

---

Msema_Kweli_77

Hapo sawa. Anakwenda kwa mkunga.

---

Binti_Karatu

Kaka Fundi, nami nina swali, naomba msinicheke. Kule Ulaya naelewa, siku zinarefuka, baridi inaisha, kila kiumbe anajua. Lakini huku kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima. Nani anamwambia ndege wa Manyara kwamba Siberia barafu imeanza kuyeyuka?

---

Fundi_Darubini

Dada, swali hilo limewakosesha watu usingizi. Manyara iko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa Ikweta, siku ndefu na siku fupi ya mwaka hazipishani hata nusu saa. Kwa mwanga peke yake angekosa treni.

Jibu ni kwamba saa iko ndani yake. Mjerumani mmoja, Eberhard Gwinner, alifuga ndege wadogo wahamiaji kwenye vyumba ambavyo mwanga haubadiliki, saa zilezile za mwanga na giza miezi nenda miezi rudi. Ikifika majira ya safari bado walipukutisha manyoya, wakanenepa, na usiku wakawa hawatulii ndani ya tundu, wanarukaruka. Hawakuwa wameona dalili yoyote ya nje. Saa hiyo haiendi sawasawa na kalenda, huteleza kidogo kila mwaka, na mwanga halisi ndio unaoirekebisha.

Kutotulia usiku ni kwa sababu wengi wanasafiri usiku. Hewa imepoa, kozi wamelala, nyota zinaonekana. Korongo ndiye hafuati utaratibu huo, yeye anahitaji hewa ya moto ya mchana, na juu ya bahari hewa hiyo hakuna. Ndiyo maana anashika Bonde la Ufa, anapanda na Nile, anazunguka Mediterania kwa upande wa Sinai badala ya kukatiza. Ukuta ule wa Manyara kwake ni barabara kuu.

---

Nahodha_Pangani

Sisi wa pwani mmetusahau. Mnazungumzia barabara, kuna wanaopita baharini.

Babu yangu alikuwa baharia. Majahazi ya Arabuni na India yalikuja na kaskazi, yakauza, yakanunua, yakasubiri. Kaskazi ikiisha zinakuja siku za maleleji, upepo haueleweki, kisha kusi inaanza. Nahodha mwenye akili aliondoka na kusi ya mwanzo, kabla haijawa kali ya Juni. Aliyechelewa alikaa Unguja mpaka bahari itulie.

Sasa kuna kekeo mmoja, ndege wa ile jamii inayotaga kwenye viota vya wenzao, walimfunga kifaa cha setilaiti Mongolia mwezi Juni 2019 wakampa jina Onon, la mto wa hukohuko. Akaja mpaka Zambia. Mwaka 2020 akaanza kurudi, akapanda Afrika Mashariki, na mwanzoni mwa Mei akaingia Bahari ya Hindi akatokea India, upepo ukiwa mgongoni. Mwisho wa mwezi huo alikuwa Mongolia. Wanasema alipita nchi 16.

Niliposoma nilicheka peke yangu. Tarehe zake ni za babu.

---

Kijana_wa_Dodoma

Daah, baharini anatua wapi kula?

---

Fundi_Darubini

Hatui. Anabeba mafuta chini ya ngozi, hayo ndiyo petroli. Kuna ndege wa ufukweni, Limosa lapponica, na hapa pwani kwetu anafika. Mwaka 2022 kinda wa miezi michache aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560, siku 11, bila kutua. Jamii hiyo kabla ya safari matumbo yao yanasinyaa ili wasibebe mzigo usiotumika.

---

Msema_Kweli_77

Na hao Wazungu kabla ya setilaiti walijuaje wanakuja Afrika?

---

Fundi_Darubini

Walikuwa hawajui. Walioheshimika kwa elimu waliandika kwamba mbayuwayu hulala chini ya tope la ziwa wakati wa baridi. Halafu mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, likauawa korongo jeupe ambalo shingoni limechomwa mshale mrefu wa mbao. Wakautazama mti na chuma chake, wakaona ni wa Afrika. Korongo lilikuwa limepigwa huku, halikufa, likaruka nao mpaka kule. Lipo mpaka leo chuo kikuu cha Rostock, limekaushwa na mshale wake shingoni.

---

Mzee_Majaruba

Aliyerusha mshale huo alilala njaa, lakini barua ilifika.

---

Mpiga_Kambi, Aprili 12

Nimerudi tena. Safari hii na kijana wa Mto wa Mbu mwenye gari lake, anayependa ndege. Tofauti kama usiku na mchana.

Mvua imenyesha wiki nzima, ziwa limepanda. Ziwa lile ni la kina kifupi, maji yakiongezeka kidogo tu ufuko unarudi nyuma mbali. Tope lote la Machi limefunikwa. Waliobaki wamebanana kwenye ukingo mwembamba, na wanakula kwa fujo. Nilimtazama mwekundu mmoja dakika kumi kwa saa. Anadunga mdomo wote topeni mpaka machoni, mara tatu nne haraka kama cherehani, anatoa, anameza, hatua moja, anadunga tena. Hakuinua kichwa hata mwewe alipopita. Amenona, kifua kimekuwa mviringo. Rangi imekamilika: kutu iliyoiva, na kila unyoya wa mgongoni una pindo jeupe. Ukimwona hivyo huwezi kuamini ni yule wa Januari.

Korongo: hakuna hata mmoja. 

Jioni mvua ilipokatika kumbikumbi wakatoka. Kwanza mbayuwayu, kisha wakatokea kozi wadogo wa kijivu wenye miguu ya chungwa iliyokolea, kama 30, wanadaka kumbikumbi kwa mguu na kula wakiwa hewani. Mabawa ya kumbikumbi yakawa yanatuangukia kwenye boneti.

---

Fundi_Darubini

Miguu ya namna hiyo na madume wenye weupe chini ya bawa ni Falco amurensis. Anazaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, anakaa kusini mwa Afrika. Huyo ni wa kundi la Nahodha, wa kuvuka bahari. Una bahati mbaya sana kwangu, mimi namtafuta mwaka wa tatu.

---

Binti_Karatu

Mimi nilikwenda Ijumaa baada ya kusoma uzi huu. Ushauri wa mwanamke aliyekosea: msiende ufukweni saa sita mchana. Mvuke wa joto unafanya kila ndege atetemeke kwenye darubini, nilihesabu kundi moja mara tatu nikapata idadi tatu. Asubuhi, jua likiwa mgongoni. Ila niliona wale wa jamii ya shakwe, wadogo, mwili mweusi bawa jeupe, wakizoa wadudu juu ya maji. Walikuwa kama barua za msiba zinazopeperuka.

---

Fundi_Darubini

Chlidonias leucopterus, dada, kwenye vazi kamili. Huyo hukai ukakosea.

Na wote: mkiona pete mguuni, someni herufi na namba, pigeni picha, mtume taarifa. Mkiokota aliyekufa mwenye pete, namba hiyo ndiyo historia yake yote.

---

Mpiga_Kambi, Mei 10

Wakuu, nadhani hii ni ripoti ya mwisho.

Mbayuwayu wachache mno, wanapita bila kusimama. Wa njano hakuna, nyati wanatembea peke yao. Vidogo vya kijivu niliona vinne. Heroe na mwari wapo, wao ni wenyeji, hawana haraka.

Wale wekundu wameondoka wote. Nimezunguka ukingo mzima unaofikika, gari likakwama mara moja, nikasukuma mpaka kofia ikawa na tope. Halafu karibu na bwawa nikamkuta mmoja. Mdomo umepinda, kiuno cheupe nimekiona alipohama. Ila ni kijivu. Hana hata baka.

---

Binti_Karatu

Masikini. Anaumwa?

---

Fundi_Darubini

Haumwi dada. Huyo amezaliwa mwaka jana, ndiyo kwanza anatimiza mwaka. Wengi wa umri wake hawaendi, wanabaki hukuhuku mpaka msimu ujao. Mkuu, alikuwa anakula?

---

Mpiga_Kambi

Anakula taratibu, tope lote la kwake. Nilipoondoka alikuwa amesimama mguu mmoja pembeni ya kiboko, amelala.

---

Mzee_Majaruba

Mwacheni alale. Wa nane siyo mbali.